Uzi: Am, is, are, was, were, be, being, been. Kitenzi hiki cha Kiingereza kilitoka wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Wote tuliopita shule tumeimbishwa: I am, you are, he is, we are, they are. Tukafika wakati uliopita, wakaja was na were. Baadaye been. Vitenzi vingine vya Kiingereza, hata vile vikorofi kama eat na go, havizidi maumbo matano. Hiki kina manane. Ukiyapanga mstari mmoja huoni undugu kati ya am na were, wala kati ya is na been. Mwanafunzi akiuliza sababu anaambiwa kitenzi hiki hakifuati kanuni, akariri aende zake.

Mimi sikubaliani na jibu hilo, na ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Sababu ipo, inajulikana, na wataalamu wameichimba kwa zaidi ya miaka 200. Be si kitenzi kimoja kilichoharibika. Ni vitenzi vitatu, pengine vinne, ambavyo kila kimoja kilikuwa na maana yake, vikagawana kazi katika vinywa vya watu walewale, na njiani kila kimoja kikapoteza sehemu ya maumbo yake. Na naamini msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulielewa hili kuliko hata Mwingereza mwenyewe, maana kitenzi chetu cha kuwa kimepita njia hiyohiyo. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na Kiingereza.

Ilianza kujulikana vipi

Tarehe 2 Februari 1786, mjini Calcutta, jaji mmoja wa Kiingereza, William Jones, alihutubia Asiatic Society, chama cha wasomi wa mambo ya Asia. Alikuwa amejifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Wahindu, huku Kigiriki na Kilatini akivijua tangu zamani. Akasema lugha hizo tatu zinafanana mno, kwenye mizizi ya vitenzi na kwenye maumbo ya sarufi, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzichunguza akaamini ni bahati tu. Lazima zimetoka kwenye chanzo kimoja, ambacho huenda hakipo tena. Akaongeza kwamba lugha za Kijerumani za kale (kundi lenye Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza) na Kiajemi nazo huenda ni za ukoo huo.

Mwaka 1816 Mjerumani Franz Bopp akachapisha kitabu kizima cha kulinganisha unyambulishaji wa vitenzi vya Kisanskriti na vile vya Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na Kijerumani. Hapo ndipo kazi ilipoanza kufanywa kisayansi. Lugha hiyo mama iliyopotea inaitwa leo ya Kihindi-Kiulaya, na ilizungumzwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Haikuandikwa. Tunaijua kwa kulinganisha wajukuu zake, kama vile ambavyo Mame-Bantu inajulikana kwa kulinganisha Kiswahili, Kiganda, Kizulu na wenzao.

Am na is

Mzizi wa kwanza ulikuwa *es- (nyota huonyesha umbo lililokisiwa kwa kulinganisha lugha, halikuandikwa popote), na maana yake ilikuwa "kuwa" tu, kuwepo. Angalieni nafsi ya tatu umoja: Kisanskriti asti, Kigiriki esti, Kilatini est, Kiajemi ast, Kijerumani ist, Kiingereza is. Neno moja limetembea kutoka Bengal hadi London likabadilika kidogo tu.

Nafsi ya kwanza ndiyo tamu zaidi. Lugha mama ilikuwa na kiambishi -mi mwishoni mwa vitenzi fulani, maana yake "mimi". Kisanskriti kinasema asmi, Kigiriki cha kale eimi, na Kiajemi cha leo kinabandika -am mwishoni. Kiingereza nacho kilikuwa nacho, kikakipoteza kwenye vitenzi vyote isipokuwa kimoja. M ile ya am ni masalia pekee ya kiambishi hicho katika Kiingereza chote cha leo. Mtu anaposema "I am" anataja nafsi ya kwanza mara mbili bila kujua: mara moja kwa I, mara moja kwa m.

(Msije mkadhani hiyo -mi ndiyo "mimi" yetu. Hiyo ni bahati tu. Neno moja kufanana haithibitishi kitu. Mfumo mzima ukifanana, hapo tuzungumze.)

Be, being, been

Mzizi wa pili ni *bhu-, na maana yake ya awali ilikuwa kuota, kukua, kutokea. Katika Kisanskriti ni bhavati, "anakuwa". Kilithuania ni būti, Kirusi byt'. Katika Kilatini sauti hiyo ya bh hugeuka f mwanzoni mwa neno, kama tunavyoona brother ya Kiingereza ikilingana na frater ya Kilatini na bhratar ya Kisanskriti. Basi Kilatini kina fui, "nilikuwa", na futurus, "atakayekuwa". Huyo futurus ndiye aliyezaa future ya Kiingereza. Be na future ni ndugu wa damu.

Wagiriki wao walitoa ph. Kitenzi chao phyein ni kuotesha, kuzaa, na nomino yake physis ni maumbile, yaani hali ya kitu kilivyoota chenyewe. Humo ndimo ilimotoka fizikia. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayetoka kwenye kipindi cha Kiingereza kwenda cha fizikia hajabadili mzizi.

Na kuna tawi jingine la mzizi huu ambalo limefika hadi kwetu. Katika lugha za Kijerumani za kale, "kuota" kulihamia kwenye "kukaa mahali na kulima". Kiingereza kikapata sehemu ya pili ya neighbour, yaani yule anayekaa karibu. Waholanzi wakapata boer, mkulima. Wakulima hao wa Kiholanzi walipokaa Afrika Kusini waliitwa Boer, na sisi tukawaita Makaburu. Neno Kaburu tulilolisikia redioni miaka yote ya ukombozi wa kusini mwa Afrika lina mzizi mmoja na be ya Kiingereza. Mimi jambo hili linanifurahisha kila ninapolifikiria, maana linaonyesha neno dogo kama be lina ukoo mpana kiasi gani.

Was na were

Mzizi wa tatu ni *wes-, na maana yake ilikuwa kukaa, kulala mahali, kupitisha usiku. Kisanskriti kina vasati, "anakaa, anaishi". Wanaojua Kihindi wanalijua neno nivas, makazi. Ndilo hilo. Yaani "I was there" kwa asili ni "nilikaa pale, nililala pale". Ukikaa mahali usiku kucha basi ulikuwepo, na taratibu kukaa kukafifia ikabaki kuwepo tu.

Sasa, kwa nini was ina s na were ina r? Hili liliwasumbua wataalamu mpaka miaka ya 1870, alipotokea Mdenmaki Karl Verner. Aligundua kwamba jibu lipo kwenye mkazo. Katika lugha mama mkazo ulihamahama. Kwenye umoja wa wakati uliopita mkazo ulikaa kwenye mzizi wenyewe, s ikabaki s. Kwenye wingi mkazo ulikwenda mwishoni mwa neno, na s iliyokuwa kati ya irabu bila mkazo mbele yake ikalegea ikawa z, kisha z ikawa r. Baadaye mkazo wenyewe ukahamia mwanzoni mwa maneno yote ya lugha za Kijerumani, chanzo kikafutika, lakini alama yake ikabaki. Kiingereza bado kina jozi nyingine ya namna hiyo: lose, kupoteza, na forlorn, aliyeachwa mpweke, ni neno moja lenye s na r. Wajerumani walisawazisha kwao wakasema war na waren, r pande zote. Waingereza wakaacha tofauti ilivyo, na watoto wetu wanakatwa alama kwa ajili ya mkazo uliotoweka kabla hata Kiingereza hakijaandikwa.

Are

Asili ya hiki bado inabishaniwa. Wengine wanakipeleka kwenye *es- ile ya kwanza, wengine wanasema ni mzizi wake mwenyewe wenye maana ya kusogea au kuinuka. Ndiyo maana nilisema "vitatu, pengine vinne". Safari yake ndani ya Uingereza ndiyo inayovutia.

Katika Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya mwaka 1100, mtu wa kusini alisema "we sindon" au "we beoth". Sindon ni ndugu wa sind ya Wajerumani wa leo. Are, wakati huo ikiwa earon au aron, ilikuwa ya watu wa kati na kaskazini. Huko kaskazini na mashariki ndiko Waviking walikohamia karne ya 9, na lugha yao ilikuwa na eru, "wao ni". Maneno mawili yakakutana yakiwa yanafanana, yakatiana nguvu. Na Waviking haohao ndio walioleta they, them na their. Kwa hiyo "they are", sentensi ambayo Mwingereza yeyote angeapa ni Kiingereza halisi, ni ya kaskazini yote, na nusu yake ni ya Waviking.

Mshairi Chaucer, aliyefariki London mwaka 1400, mara nyingi aliandika "they been". Are iliteremka kidogo kidogo hadi mji mkuu, na katika karne ya 16 ilikuwa imeshinda karibu kabisa. Ukitaka kushuhudia mashindano hayo, fungua Warumi 13:1 katika tafsiri ya William Tyndale ya 1526, iliyoachwa vilevile katika Biblia ya King James ya 1611: "the powers that be are ordained of God". Tazama katikati: be are. Maumbo mawili ya wingi wa wakati uliopo, la zamani la kusini na jipya la kaskazini, yamekaa bega kwa bega katika sentensi moja. Waingereza wanatumia "the powers that be" mpaka leo wakimaanisha wakubwa, wenye mamlaka, na wachache wanajua wanatamka sarufi iliyokufa.

Nitaendelea kwenye posti inayofuata, nagusa Kiswahili.

* * *

Inaendelea: upande wetu

Nimeona mkuu mmoja hapo juu ameandika kwamba sisi tunashukuru Mungu Kiswahili kina "ni" tu, hakina fujo kama hizo. Mkuu, kwa heshima zote, hebu tuangalie pamoja.

Chukua sentensi hii: "Mtu aliye mgonjwa apelekwe hospitali." Mgonjwa huyo anaumwa lini? Sasa hivi. Lakini kwenye "aliye" mna -li-, na darasani tumefundishwa -li- ni ya wakati uliopita. Alisoma, alilala, alikula. Mbona hapa wakati uliopita haupo? Ukitaka uliopita unasema "aliyekuwa mgonjwa".

Jibu ni kwamba -li- ya "aliye" si kiambishi cha njeo. Ni kitenzi kamili, kitenzi cha kale cha "kuwa". Wataalamu wanakiandika *-di katika Mame-Bantu, na kipo kila mahali: nilipo, ulipo, walio, kilicho, iliyo. "Hapa nilipo" ni "hapa mahali ambapo mimi ni". Majirani zetu wanakitumia waziwazi bila kirejeshi. Mganda anakusalimu "Oli otya?", yaani "u hali gani", na anasema "ndi" kwa "mimi ni". Mnyarwanda naye husema ndi, na "uri" kwa "wewe ni", kwa sababu l yetu kwake ni r. Mmalawi anajibu "Ndili bwino", niko salama. Hiyo nd isiwatishe: n ikikutana na l hutoa nd, ndiyo maana ulimi mmoja ukiongezeka zinakuwa ndimi.

Halafu tuna kitenzi cha pili, kuwa. Hiki kinatoka *-ba, na b ikiwa katikati ya irabu kwetu hulegea ikawa w: Waganda wanasema abantu, sisi watu; wao kuba, sisi kuwa. Sasa nendeni Kigali mkaulize mtu anakaa wapi. Mtasema "Uba he?" Naye atajibu "Mba i Kigali". Kitenzi ni kuba kilekile, na maana yake ni kukaa, kuishi. Kinyarwanda kimehifadhi maana mbili pamoja, kuwa na kukaa, sawasawa na mzizi *wes- uliowapa Waingereza was. Watu wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya na watu wa Maziwa Makuu, wasiojuana kabisa, wote waliona kwamba aliyekaa mahali ndiye aliyepo.

Mnaona ilivyo? Tuna ni na si, tuna -li, tuna -wa, tuna yu ya yuko na yupo. Hakuna kimoja kinachotosha kazi zote. "Ni" haiingii kwenye wakati ujao. Huwezi kusema "nitani mwalimu", lazima uazime -wa: nitakuwa. Kirejeshi cha wakati uliopo hakipokei "ni", kinaazima -li: aliye. Hiyo ndiyo biashara ileile ya be kuazima was kwa sababu haikuwa na wakati uliopita wake.

Na mzuri kuliko yote ni neno "alikuwa". Wachambuzi wa lugha za Kibantu wanakiona kiambishi chetu cha -li- cha wakati uliopita kuwa kimezaliwa na kitenzi hichohicho cha kale cha -li. Kama ni hivyo, a-li-kuwa imebeba vitenzi vyote viwili vya kuwa ndani ya neno moja, cha zamani mbele na kipya nyuma. Tyndale aliweka be na are bega kwa bega. Sisi tumeviunganisha kabisa.

Kuna mahali tofauti kati ya lugha hizi inaonekana waziwazi. Katika Kutoka 3:14 Mungu anamwambia Musa jina lake, na King James inaandika "I AM THAT I AM". Kiingereza kinaweza kuiacha am isimame peke yake, kwa sababu am ya *es- ilibeba kuwepo tangu mwanzo. Kiswahili hakiwezi kusema "Mimi ni" kikanyamaza. Msikilizaji atasubiri, ni nani, ni nini? "Ni" yetu inaunganisha tu. Kwa hiyo watafsiri wa Biblia ya Union waliandika "MIMI NIKO AMBAYE NIKO", wakatumia -ko, ambayo inadai mahali au kuwepo. Naona walichagua vizuri sana.

* * *

Majibu kwa maswali

Dada aliyeuliza kwa nini lugha zinachanganya hivyo hasa kwenye kitenzi hiki na si kwenye vitenzi kama "kupiga": sababu ni wingi wa matumizi. Neno usilolitumia mara kwa mara unalijenga kwa kanuni kila unapolihitaji, kwa hiyo kanuni hulinyoosha. Neno unalolitamka mamia ya mara kwa siku linakaa kichwani zima, umbo kwa umbo, halihitaji kanuni, na mtoto analishika kabla hajaanza kujenga. Ndiyo maana ukorofi hujificha kwenye maneno ya kila saa. Angalia go: wakati uliopita wake wa kale ulikuwa eode, ukafa, ukachukuliwa na went, ambayo ilikuwa ya kitenzi kingine kabisa, wend, kushika njia. Angalia kwetu kuja: ukimwita mtu humwambii "ja!", unamwambia "njoo!"

Mwalimu mwenzangu uliyesema wanafunzi wako wanaandika "you was" na hujui uwaelezeje: waeleze historia, itawasaidia kukumbuka. You kwa asili ilikuwa ya wingi, ninyi. Umoja ulikuwa thou, na thou ilikuwa na maumbo yake: thou art, thou wert. Baadaye ikawa adabu kumwita mtu mmoja kwa wingi, thou ikaachwa, na you ikabaki na kitenzi chake cha wingi hata kwa mtu mmoja. Karne ya 18 Waingereza wengi, wasomi wakiwemo, walijaribu kutofautisha: mtu mmoja "you was", watu wengi "you were". Ilikuwa na mantiki yake. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu, akaichapa katika kitabu chake cha sarufi kwamba ni kosa, na shule zikamfuata. Kwa hiyo mwanafunzi wako hana akili ndogo; amefika mahali walipowahi kufika watu wazito. Kwenye mtihani aandike were.

Kuna aliyeuliza kuhusu "I be" na "he be" anazozisikia kwenye muziki wa Wamarekani Weusi, akiuliza kama ni Kiingereza kibovu. Swali hili ni zuri kuliko yote humu na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza turudi Kiingereza cha Kale. Nilisema be na is vilikuwa vitenzi viwili tofauti. Wakati huo vilitumika pamoja, na vilikuwa na tofauti ya maana hata katika wakati uliopo. Is ilisema hali ilivyo sasa. Be, iliyokuwa byth au bith kwa nafsi ya tatu, ilisema jambo la siku zote, la kawaida, au lijalo. Kuna shairi la kale la methali za Kiingereza ambalo linasema "winter byth cealdost", majira ya baridi ndiyo yenye baridi kuliko yote. Hasemi leo kuna baridi. Anasema ndivyo ilivyo kila mwaka. Kiingereza cha kawaida kilipoteza tofauti hiyo.

Kiingereza cha Wamarekani Weusi kinayo tofauti ya namna hiyo. "She working" maana yake anafanya kazi sasa hivi. "She be working" maana yake hufanya kazi, ndiyo kawaida yake, hata kama dakika hii amelala. Mtafiti Janice Jackson aliwahi kuwaonyesha watoto picha ya wahusika wa Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto. Cookie Monster, anayejulikana kwa kupenda biskuti, alikuwa mgonjwa kitandani bila biskuti. Elmo alikuwa pembeni anakula biskuti. Akauliza "Who is eating cookies?" Watoto wote wakasema Elmo. Akauliza "Who be eating cookies?" Watoto weupe wakasema tena Elmo. Watoto weusi wakasema Cookie Monster, kwa sababu yeye ndiye mwenye tabia hiyo.

Sasa mfanyieni mtoto wa Kiswahili jaribio hilo. Muulizeni "Nani anakula biskuti?" Atasema Elmo. Muulizeni "Nani hula biskuti?" Atasema Cookie Monster. Hu- yetu inafanya kazi ileile ya be yao, bila kubabaika. Kanuni ipo, imekaa vizuri, na watoto wadogo wanaijua. Huwezi kuiita mbovu. Kuhusu ilikotoka, wataalamu wanabishana: wapo wanaoihusisha na Kiingereza cha Waayalandi, wapo wanaoihusisha na lugha mchanganyiko za mashamba ya watumwa, wapo wanaosema imekomaa hukohuko Marekani. Hakuna anayeweza kusema imeruka moja kwa moja kutoka shairi lile la kale, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba lugha zinahitaji kutofautisha "sasa" na "siku zote", na kitenzi hiki kinaazimwa kwa kazi hiyo tena na tena.

Na "I be" ya wazee wa vijijini kusini magharibi mwa Uingereza ni kitu kingine: wao ni mabaki ya ile kusini iliyosema "we beoth" kabla are haijateremka. Huko be iliwahi kuchukua nafsi zote, I be, you be, we be. Laiti wao ndio wangeshinda, leo tungekuwa tunakariri umbo moja badala ya matatu.

Mkuu aliyeuliza mwisho kabisa, "umbo lipi ni jipya kuliko yote?": maumbo yenyewe yote ni ya kale, ila kuna matumizi mapya ya being ambayo umri wake unashangaza. "The house is being built." Leo ni sentensi ya kawaida kabisa, inafundishwa shule zote. Lakini kabla ya mwisho wa karne ya 18 Waingereza walisema "the house is building", nyumba inajenga, na kila mtu alielewa kwamba inajengwa. Ile ya "is being" ilipoanza kuenea, wanasarufi wa karne ya 19 waliishambulia kwa miaka mingi. Waliona ni aibu kitenzi kimoja kujipanga mara mbili mfululizo, is kisha being. Kumbukeni kwamba kwa asili havikuwa kitenzi kimoja: is ni ya *es-, being ni ya *bhu-. Wala wasingeweza kuzuia, maana watu walihitaji namna ya kutendwa inayoendelea, na lugha yao haikuwa na kitu kama -wa ya "inajengwa" kinachomaliza kazi ndani ya neno moja.

Aliyeomba nieleze have na do kwa mtindo huu, nitamfungulia uzi mwingine. Have ina mambo mengi, na Kiswahili kwenye "nina", yaani mimi na kitu, kina la kusema pale pia.